Matundu Manne

Bodi imerudi kutoka Samail ndani ya mfuko wa maziwa ya unga,
kona moja imemeguka kama biskuti.
Zahor kaniachia ujumbe wa sauti,
na nyuma ya sauti yake naisikia pampu
ikikohoa, ikitetema, ikiyavutia maji mandimu yake:
"Kitu chako kizuri, bibie. Ila hakikai."

Hakikai.
Miezi minne nimeipitisha shaba njia baada ya njia,
nimepima mkondo, nimehesabu joto la mwezi wa saba,
kila rezista nimeitunga mahali pake kama ushanga,
nisikumbuke pa kuishikia.
Wao wameifunga kwa gundi, na waya,
na ukanda uliochanwa kwenye kanzu kuukuu.

Al-Khoud, saa nne za usiku. Kiyoyozi kinadondokea ndooni.
Nafungua programu, natoboa kona ya kwanza:
milimita tatu na nukta mbili,
na duara tupu pembezoni, kichwa cha skrubu kisije
kukanyaga njia ya mtu.
La pili. La tatu.
La nne linagombana na kapasita nene.
Naisogeza kapasita, na njia sita
zinalazimika kuhama nayo.

Mama anapita na birika.
"Unatoboa nini tena, mtundu wewe?"
"Matundu."
"Yanapitisha nini?"
"Hayapitishi kitu."
"Basi ya nini?"
Chai imemwagika kidogo kwenye sahani. Sijamjibu.

Kidhibiti cha umeme cha zamani hakitengenezwi tena;
duka la Ruwi limebaki na kile chenye miguu mipana.
Nimeshakibadilisha kwenye mchoro,
nabonyeza: sasisha bodi ifuate mchoro.
Palikuwa na kijisanduku kimetiwa alama ya vema,
*futa visivyomo mchoroni*.
Sikukisoma. Nani hukisoma?

Kidhibiti kipya kimeingia, kimetanua miguu.
Na kona zangu nne zimefumba,
laini, kama hazijapata kuguswa.

Programu haikukosea.
Imefungua daftari, imetafuta majina,
haikuyaona, ikafagia.

Babu alisimama mbele ya dirisha la ofisi, siku tano tu
tangu ateremke na sanduku moja na mke mwenye homa.
Karani alipitisha kidole juu ya ukoo, chini ya ukoo,
akasema neno kwa Kiarabu
ambalo mama hulifasiri vilevile kila mara,
bila kuinua macho kwenye anachokimenya:
"Humu, humo."
Naye alikuwa kasimama palepale, jasho linamtoka,
kivuli chake kimelala juu ya meza ya karani.
Alirudi mara tatu. Mara ya tatu na shahidi
aliyewakumbuka kwa kisima chao.

Narudi mchoroni.
Naweka alama nne pembeni, hazina waya, hazina jirani,
nazipa majina: T1, T2, T3, T4.
Programu inalalamika: *hazijaunganishwa na kitu*.
Najua. Ziache.

Nasasisha tena. Yanaanguka yote manne nje ya bodi,
lundo moja, kama mizigo iliyoshushwa kabla ya wenyewe.
Nalikokota moja moja hadi konani kwake
na kulitia kufuli.

Kisha nachapa karatasi kwa kipimo chake halisi,
nailaza ndani ya boksi la plastiki lenye nguzo zake nne.
Mama ameketi. Amevaa miwani, ameshika upande wa pili
karatasi isipeperushwe na kiyoyozi.
Ncha ya kalamu inapenya ya kwanza.
Ya pili. Ya tatu.
Ya nne imepotoka nusu milimita.

"Sogeza," anasema.
Nasogeza.